Kabla hujachora chati, elewa jicho linavyopima

Watu wananiuliza sana nianzie wapi kujifunza kuchora data, na wengi wanategemea niwatajie programu, ila mimi nawaambia anzeni na jicho. Jicho kuna vitu linavipima vizuri na kuna vingine linabahatisha tu. Mwaka 1984 wanatakwimu William Cleveland na Robert McGill walichapisha kazi yao iliyopanga hivi vitu kwa usahihi, wakafanya na majaribio: tunakadiria vizuri zaidi nukta zikiwa kwenye mhimili mmoja (ule mstari wenye namba za kipimo), urefu na pembe vinafuata, halafu eneo, na kukolea kwa rangi kuko mwisho kabisa.

Ukilishika hilo tu, maswali mengi yanajijibu. Mfano chati ya duara, zile za vipande, ukiwa na vipande 7 vinavyokaribiana hakuna mtu atakwambia kipi kikubwa bila kusoma namba, wakati data hiyohiyo ukiiweka kwenye pau zilizopangwa kuanzia kubwa hadi ndogo jibu linaonekana palepale. Na wale wanaotumia miduara kuonyesha ukubwa nawaomba sana wawe makini, ukizidisha kipenyo mara 2 eneo linakua mara 4, kwa hiyo msomaji anaona kitu kimekua mara 4 wakati data inasema mara 2!

Pau lazima zianzie sifuri. Hapa sina mjadala kabisa, kwasababu pau tunaisoma kwa urefu wake, sasa ukianzia 90 ukachora 95 na 98 unakuta moja ina urefu wa 5 na nyingine 8, yaani inaonekana imezidi kwa asilimia 60 wakati tofauti ya kweli ni asilimia 3 na kidogo. Chati ya mstari ni kesi nyingine, pale tunasoma mwelekeo, so inaweza kuanzia juu ya sifuri ilimradi mhimili umeandikwa vizuri.

Na usiziamini wastani kabla hujachora. Mwanatakwimu Francis Anscombe mwaka 1973 alitengeneza seti 4 za data, wastani wa x ni 9, wa y ni kama 7.5, uhusiano wao (namba inayoonyesha x na y zinavyokwenda pamoja, 1 ikiwa ni mstari ulionyooka kabisa) karibu 0.816 kwa zote, ila ukizichora moja ni mstari wenye nukta za kawaida, moja imepinda, moja ina nukta moja imetoka nje ya wenzake, na ya mwisho nukta zote zimesimama wima isipokuwa moja. Mara ya kwanza nilizichora mwenyewe kwa mkono, na mpaka leo kila nikipokea data mpya nachora kwanza ndo nahesabu.

Rangi nayo, kuna watu wengi, hasa wanaume, hawatofautishi nyekundu na kijani, kwa hiyo chati nikimaliza naigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Mistari miwili ikifanana, naondoa kile kisanduku cha maelezo ya rangi pembeni, naandika jina la kila mstari pale unapoishia.