Neno "ni" lililowagawa Waprotestanti

Fungua Mathayo 26:26 katika Biblia ya Union Version: "huu ndio mwili wangu." Katika Habari Njema: "huu ni mwili wangu." Msikilizaji wa Kiswahili anajua kuwa "ndio" inakaza: ni huu, si mwingine. Maana ya neno dogo "ni" ndiyo iliyowakutanisha wanamatengenezo, yaani viongozi wa Kiprotestanti waliotaka kulirekebisha Kanisa, mjini Marburg, Ujerumani, tarehe 1 hadi 4 Oktoba 1529. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Ujerumani, alianza kwa kuandika mezani kwa chaki, "Hoc est corpus meum", Kilatini cha "huu ni mwili wangu", akafunika kwa kitambaa. Alipotakiwa ushahidi kwamba mwili wa Kristo umo kweli katika mkate, alifunua.

Wote waliamini kwamba Maandiko husomwa kwa sarufi yake, kwa Kiebrania na Kigiriki. Ndiyo maana sentensi ile ya maneno manne ilichambuliwa neno moja moja.

Andreas Karlstadt, aliyewahi kuwa mwenzake Luther na ambaye hakuwapo Marburg, alishika "huu". Kwa Kigiriki, "mkate" ni nomino ya kiume, ila kiashiria "touto" ("huu") si cha kiume wala cha kike. Kwa hiyo, alidai, Yesu alikuwa akijionyesha mwenyewe, si mkate. Hoja hiyo kwa Kiswahili haianzi kabisa: mkate na mwili ni ngeli moja, na "huu" inapatana na vyote viwili. Hata kwa Kigiriki ni dhaifu, kwani kiashiria cha namna hii huweza kufuata jinsia ya nomino inayokuja mbele, yaani "soma", mwili.

Huldrych Zwingli, mwanamatengenezo wa Zurich, Uswisi, alishika "ni", akisema maana yake ni "huashiria". Wazo hilo alilipata kwa Cornelius Hoen, Mholanzi. Mifano yake ina nguvu: katika ndoto ya Farao, ng'ombe saba ni miaka saba. Johannes Oecolampadius, mwenzake Zwingli kutoka Basel, aliiacha "ni" kama ilivyo, akasema "mwili" ndilo neno la mfano.

Jibu la Luther, aliloliandika mwaka 1528, ni la mtu anayeijua lugha. Katika "Kristo ni mzabibu", alisema, "ni" haijabadilika hata kidogo. "Mzabibu" ndilo limekuwa neno jipya. Jaribu mwenyewe: ukisema "Juma ni simba", humaanishi Juma anaashiria simba. Kwa upande wa lugha Luther alikuwa sahihi, ingawa hilo pekee halithibitishi lolote kuhusu mkate.

Chini ya ubishi huu kulikuwa na swali zito zaidi: neno hufanya nini? Kwa Luther, Mungu akitamka, kitu kinakuwapo; jua na mwezi ni maneno katika sarufi ya Mungu. Kwa Zwingli, Roho hufanya kazi ndani ya moyo, na sauti ya nje ni ishara tu. Jean Calvin, mwanamatengenezo Mfaransa aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati huo, baadaye alifundisha kwamba ishara huitwa kwa jina la kitu inachokileta, na kwamba Mungu husema nasi kama yaya anayemchombeza mtoto mchanga.

Wapo wanaodhani ugomvi huu ni bure kwa sababu Yesu alisema Kiaramu, lugha inayoweza kuiacha "ni". Hapana. Nasi husema "Juma mwalimu" bila "ni", na bado swali la maana linabaki palepale.

Marburg walitia saini vipengele 15. Katika cha mwisho walikubaliana waumini wapewe mkate na divai pia. Kama mwili wa Kristo umo ndani ya mkate ule, hawakukubaliana.