Alama ya wachache isimame wapi siku ya sikukuu?

Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu moja juu ya mapambo mawili ya mji wa Pittsburgh, ikipima kama yanavunja katiba yao inayoikataza serikali kuunga mkono dini. Ndani ya jengo la mahakama ya kaunti, kwenye ngazi kuu, Wakatoliki waliweka hori la kuzaliwa Yesu. Si mbali na hapo, nje ya jengo la ofisi za mji, ulisimama mti wa Krismasi wa futi 45. Pembeni yake ilikuwapo menora ya futi 18, kile kinara cha Wayahudi cha sikukuu ya Hanuka, na kibao chenye jina la meya kikisema mji unausalimu uhuru. Hori lilikataliwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Menora ikapita kwa kura 6 dhidi ya 3.

Nikiisomesha kesi hii hapa Unguja, wanafunzi hucheka, halafu hubishana. Vipi dini ya wengi itolewe nje na ya wachache iachwe, na zote ziko kwenye mali ya serikali? Lakini Jaji Harry Blackmun, aliyeiandika hukumu, hakuwa akihesabu waumini. Alitazama kila alama imekaa na nini. Hori lilikuwa peke yake mahali pa heshima kabisa, na juu yake malaika kashika maneno ya Kilatini ya kumtukuza Mungu, kwa hiyo mpita njia angeona kaunti ndiyo inayomtukuza. Menora ilikaa chini ya mti ulioizidi zaidi ya mara mbili kwa urefu, ikasomeka kuwa ni mapambo ya msimu tu.

Miaka mitano nyuma, 1984, hori la mji wa Pawtucket lilipita kwa kura 5 dhidi ya 4 kwa sababu lilizungukwa na nyumba ya Santa Claus, kulungu wa kuvuta gari lake, mti, hata tembo na dubu. Wanasheria wa huko wakaibandika jina la dhihaka: kanuni ya kulungu wa plastiki.

Mimi naona Wayahudi wa Pittsburgh walishinda kwa bei kubwa. Kinara kinachowashwa kukumbuka kuwekwa wakfu upya hekalu la Jerusalem kiliruhusiwa kwa kuwa kimeonekana hakisemi jambo zito. Ningekuwa mimi mwenye kinara, nisingeshangilia.

Kesi inayonivutia zaidi ni ya Columbus, Ohio, iliyoamuliwa 1995. Uwanja wa mbele ya bunge la jimbo ulikuwa wazi kwa umma, na mti na menora vilishapata ruhusa ya kusimama pale. Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wanaowachukia weusi, nao wakaomba kuweka msalaba, wakanyimwa. Mahakama ikasema, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba ukifungua uwanja kwa watu wote, huwezi kumfungia mtu kwa sababu ujumbe wake ni wa dini. Mwenye kusema pale ni aliyekiweka kitu, si serikali. Kundi lile ni la kuchukiza, najua, lakini kanuni iliyotoka pale ndiyo inayomkinga mnyonge.

Mwaka 2022, katika kesi ya kocha aliyekuwa akisali uwanjani baada ya mechi, mahakama hiyo hiyo iliacha kuuliza kama serikali imeonekana kuiunga mkono dini, ikaelekeza kutazama historia na mila. Kipimo hicho kina upendeleo wake. Mwenye mila ndefu mahali pale anaingia akiwa mbele, na Mhindu aliyehamia juzi ataitoa wapi historia?

Sasa tujitazame sisi Waislamu, ambao huku ndio wengi. Krismasi, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko rasmi, lakini ukipita mitaani hakuna kinachokwambia. Miti yenye taa utaikuta kwenye mahoteli ya Shangani na Nungwi, na ile imewekewa wageni. Wakristo wenyewe wako kwenye makanisa yao ya Mkunazini na Minara Miwili, ndani ya kuta zao. Diwali haimo kabisa kwenye orodha ya sikukuu zetu, ingawa hekalu la Hurumzi lipo. Wakenya wameitaja kwenye sheria yao kwa ajili ya Wahindu.

Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda uhuru wa dini. Lakini tuna Mufti kwa sheria ya 2001, Mahakama za Kadhi, Kamisheni ya Wakfu, na Rais huhutubia Baraza la Idd. Kwa hiyo swali la Pittsburgh, kama serikali inaonekana kuiunga mkono dini, tukilileta hapa halina pa kushika. La Columbus linashika: uwanja uko wazi kwa nani, na kwa masharti gani?

Hilo tunalijua kwa vitendo. Siku za Ashura Ithnaasheri hupita vichochoroni Mji Mkongwe na nguo zao nyeusi, wakimlilia Husein katikati ya majirani wa Sunni. Hakuna anayesema serikali imekuwa Shia, wala hawaambiwi watundike mabaluni ili msiba uonekane burudani. Kwangu mimi, hapo tumewazidi Pittsburgh.

Tofauti ni kwamba maandamano hupita na kitu husimama. Kinara au mti ukikaa kwenye bustani ya Forodhani wiki mbili unahitaji kanuni iliyoandikwa kabla ya ombi la kwanza kuja: ada moja kwa wote, muda mmoja, jina la mwenyewe kwenye kibao, na gharama zake juu yake.

Tena ulinzi. Disemba 2007 mji wa Green Bay, Wisconsin, uliweka hori juu ya paa la ofisi zake, kisha ukakubali shada la Wawika, wafuasi wa dini ya kipagani ya Wicca, lenye nyota yao ya pembe tano. Usiku mtu akaliangusha. Madiwani wakasimamisha kupokea alama nyingine, na hori likaachwa palepale. Mharibifu mmoja, kwa usiku mmoja, akapata alichokitaka. Kanuni ya Forodhani ingepaswa kusema wazi kwamba alama ikiangushwa inarudishwa, na isiporudishwa, zilizobaki nazo zinashuka.