Mguu wa Charcot: mifupa inapovunjika bila kuuma

Mguu wa Charcot (hutamkwa "Sharko") ni hali ambayo mifupa na viungo vya wayo wa mtu mwenye kisukari hulainika, huvunjika na kuhama mahali pake, huku mwenyewe akiendelea kutembea kwa kuwa hasikii maumivu ya kumzuia. Jina limetokana na Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris, aliyeieleza mwaka 1868 kwa wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imefika kwenye uti wa mgongo. Uhusiano wake na kisukari uliandikwa baadaye, mwaka 1936, na leo kisukari ndicho chanzo kikuu.

Watu wengi wanakijua kidonda cha sukari. Charcot haianzi na kidonda, na ndiyo maana inawapita wengi. Mguu mmoja huvimba, ngozi hukaza na kung'aa, na ukiugusa una joto kuliko mwenzake. Kiatu cha jana hakiingii. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mkono ndio unaotambua kabla ya jicho. Ukimuuliza mgonjwa alijikwaa wapi, mara nyingi hakumbuki, au anataja jambo dogo tu, kama kuteleza kwenye korongo au kushuka vibaya kwenye bodaboda.

Mzizi wake ni ganzi. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi, huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni. Mtu asiye na ganzi akiteguka huchechemea, na kule kuchechemea ndiko kunakoupa mfupa nafasi ya kuunga. Mwenye ganzi hachechemei. Anakwenda soko la Majengo na kurudi, na kila hatua inasaga palepale palipoumia. Mwili nao huleta damu nyingi, joto na uvimbe, na katika hali hiyo seli zinazokula mfupa huzidi nguvu zile zinazoujenga. Wayo una mifupa 26. Inayoumia zaidi ni ya katikati, ile inayoshikilia upinde. Upinde ukibomoka, unyayo hutokeza kwa chini kama tumbo la kibuyu. Uzito wote wa mwili sasa unaangukia pale palipotokeza, ngozi inachoka, kidonda kinafunguka, vijidudu vinapata njia ya kwenda mfupani. Habari ya kukatwa mguu huanzia hapo, na yote hayo yangeweza kuzuiwa wiki zile za mwanzo mguu ulipokuwa na joto tu.

Mara nyingi hudhaniwa kuwa ni gauti, kuteguka, damu kuganda kwenye mshipa wa mguu, au maambukizi ya ngozi. Hili la mwisho ndilo linalopoteza muda zaidi. Maambukizi ya mguu wa kisukari karibu kila mara huwa na mlango: ufa wa kisigino, tundu la mwiba, fangasi kati ya vidole. Kama ngozi ni nzima, homa hakuna, na umeshamaliza dozi ya antibayotiki bila nafuu, sema wazi hospitalini kwamba una kisukari na miguu yako ina ganzi, kisha uliza kama inaweza kuwa Charcot. Kuna jaribio dogo linalosaidia kufikiri, ingawa halitoi jibu la mwisho: mgonjwa alale, mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo kwa dakika 5 hadi 10. Wekundu wa Charcot mara nyingi hufifia, wa maambukizi hubaki. Kukiwa na kidonda, hali zote mbili zinaweza kuwepo pamoja, na hapo ni kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Eksirei ya wiki za kwanza inaweza kutoka safi kabisa. Picha safi isikurudishe shambani. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huonyesha mapema zaidi, lakini kinga ya mguu haisubiri majibu: ukishashukiwa, acha kuukanyagia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anayetoka Mpwapwa au Kongwa kwenda hospitali ya Jenerali au ya Benjamin Mkapa, Dodoma mjini, asikae na mguu ukining'inia njia nzima. Nauli ya siti mbili, mguu ukiwa umenyooshwa juu ya begi, ni pesa iliyotumika vizuri.

Nyumbani, mambo mawili huharibu kuliko mengine. La kwanza ni kukanda kwa maji ya moto: mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua, na joto huongeza kile kinachotakiwa kupungua. La pili ni kuchua na kuchanja chale kwa kudhani mtu amekanyaga kitu kibaya. Chale hufungua mlango ambao haukuwepo.

Tiba yenyewe ni kuutua mguu mzigo. Njia inayoaminika zaidi ni plasta ngumu inayofika chini ya goti na isiyovuliwa na mgonjwa, ile ambayo wengi huiita POP au hogo. Huumbwa ikagusana na wayo mzima ili uzito usambae na mifupa itulie. Haivuliwi kwa sababu mguu usiouma humshawishi mtu avue "nikafike dukani mara moja", na safari chache za namna hiyo zinaweza kurudisha nyuma kazi ya wiki kadhaa. Hogo la kwanza hubadilishwa baada ya siku chache tu, maana uvimbe hushuka haraka na hogo kulegea. Hogo lililolegea husugua na kutoa kidonda. Baada ya hapo hubadilishwa kila wiki moja au mbili. Muda wote kwa kawaida ni miezi 3 hadi 6, na wengine hufika mwaka.

Miezi sita Dodoma ni msimu mzima wa kilimo. Hogo likifungwa Novemba, mvua itakuja na kuondoka nawe umekaa. Familia iambiwe hivyo tangu siku ya kwanza, ipange nani atalima uwele na nani atachota maji, kwa sababu mgonjwa anayeahidiwa wiki tatu atalikata hogo wiki ya nne.

Vitu vidogo vya nyumbani navyo vina uzito. Choo cha kuchuchumaa hakiwezekani ukiwa na hogo; fundi seremala atoboe kiti imara cha mbao katikati, kiwekwe juu ya tundu. Kuoga, kaa kwenye kigoda, mguu unyooshwe nje ya beseni, hogo likiwa limefunikwa kwa nailoni. Upepo wa huku huleta mchanga, na kijiwe kikiingia ndani ya hogo hutakisikia kikikuchimba, kwa hiyo funika ukingo wa juu kwa kitambaa. Ukiwashwa, usichokonoe kwa njiti wala spoku ya baiskeli. Hogo huongeza urefu, basi kiatu cha mguu mzima nacho kiongezwe soli ili nyonga zikae sawa. Mguu huo mwingine uangaliwe kila jioni, kwani unabeba kazi ya miwili na ganzi unayo vilevile. Kwenye bodaboda ndio unaoungulia ekzosi.

Rudi hospitali bila kusubiri tarehe ukiona harufu, unyevu au doa kwenye hogo, homa, vidole kuwa baridi au kubadilika rangi, au sukari kupanda ghafla bila sababu ya chakula.

Kinachoonyesha kama mguu unapona ni joto. Maumivu hayawezi kutumika, hayapo. Kila hogo linapofunguliwa, nyayo zote mbili ziachwe wazi dakika 15, kisha zipimwe sehemu zilezile: kisigino, katikati ya wayo, chini ya kidole gumba. Vile vipima joto vya kuelekeza kwenye paji la uso, vilivyoenea wakati wa UVIKO-19, vinafaa vikiwekwa kwenye hali ya kupima uso wa kitu. Andika namba daftarini pamoja na tarehe. Tofauti ya nyuzi 2 za Selsiasi au zaidi inamaanisha ndani bado kunawaka. Ikishuka chini ya hapo na kutulia vipimo kadhaa, uvimbe ukaisha, na eksirei ikaonyesha mifupa inaungana, hapo daktari hufikiria kulitoa hogo. Kama miguu yote miwili imeathirika, kulinganisha huku hakufai, na daktari hutegemea zaidi uvimbe na picha.

Kupona hakumaanishi mguu kurudi ulivyokuwa. Umbo lililobaki limeganda hivyo, na mfupa uliotokeza ukiendelea kuleta vidonda, daktari wa upasuaji anaweza kuuchonga. Kiatu ndicho kinachofuata: kina nafasi ya juu, soli ya ndani imefinyangwa kwa umbo la wayo, soli ya nje ni ngumu na imepinda kidogo mbele ili mguu ubingirike badala ya kukunjika. Katambuga, zilivyo imara na za bei nafuu, hazifai hapa, kwa sababu misumari yake huchomoza taratibu na mwenye ganzi anaweza kuikanyagia siku nzima. Kabla ya kuvaa kiatu chochote kigeuze, kikung'ute, kisha ingiza mkono hadi kwenye ncha. Mbigili moja iliyokwama inatosha kuanzisha kidonda.

Kutembea huanza na hatua chache ndani ya nyumba. Pima joto kesho yake asubuhi kabla hujasimama. Namba ikibaki palepale, ongeza kidogo baada ya siku chache. Ikipanda, rudi kwenye magongo na umwone daktari. Endelea na daftari hata baada ya kurudi shambani, kwa nyayo zote mbili, maana Charcot inaweza kujirudia au kuanza upande wa pili.