Jamani, someni kitenzi: mihula miwili sio miaka kumi

Juzi tena kwenye grupu la WhatsApp mtu kaandika kwa uhakika kabisa kwamba rais akifikisha miaka kumi basi, katiba imeshafunga. Nimelisikia hilo darasani, nimelisikia hadi kwa mawakili wenzangu, na safari hii limenifika hapa.

Ibara za katiba zinazoweka ukomo wa urais hazihesabu miaka, zinahesabu kitendo. Ya kwetu Tanzania, ibara ya 40, inasema hakuna mtu atakayechaguliwa zaidi ya mara mbili. Kuchaguliwa. Kenya, ibara ya 142, wao wamekataza kushika urais zaidi ya mihula miwili. Sio kitu kimoja, manake ukirithi kiti katikati ya muhula hukuchaguliwa wewe, ila kiti umekishika.

Ndo maana anayerithi amewekewa mstari wake. Kwetu makamu akishika kwa chini ya miaka mitatu anaruhusiwa kugombea mara mbili, ikifika mitatu au zaidi ni mara moja tu. Mama Samia aliapishwa 19 Machi 2021, muhula una miezi minne tu, kwa hiyo nafasi yake ilikuwa moja, ya 2025, hapo hakuna mjadala. Sasa chukua makamu anayerithi ikiwa imebaki miaka miwili na miezi kumi na moja, anaimalizia, anagombea anashinda, anagombea tena anashinda, piga hesabu mwenyewe: karibu miaka 13 na hajavunja kifungu hata kimoja! Kenya mstari ni miaka miwili na nusu, Marekani miwili, twende.

Marekani ndo panaponinyima usingizi. Marekebisho ya 22 ya katiba yao, ya mwaka 1951, nayo yamesema kuchaguliwa, si zaidi ya mara mbili. Je, aliyeshachaguliwa mara mbili anaweza kuwa makamu, halafu rais akajiuzulu, yeye akapanda? Watu wanakimbilia Marekebisho ya 12, kwamba asiyestahili urais hastahili umakamu. Sawa, lakini asiyeruhusiwa kuchaguliwa ndiye asiyestahili kushika? Hayo ya 12 ni ya 1804, ukomo haukuwepo kabisa, na hakuna mahakama iliyowahi kuamua. Vitabu vya kufundishia vinamaliza kwa sentensi moja kwamba haiwezekani. Mimi naamini mahakama ingekataa kwa kuangalia lengo la ukomo, ila nikiyasoma maneno yenyewe yalivyo, siwezi kumuapia mwanafunzi wangu kwamba huo mlango una komeo.

Na anayeona nang'ang'ania neno bure atazame Burundi. Rais wao wa wakati huo, Nkurunziza, 2005 alichaguliwa na bunge, 2010 akachaguliwa na wananchi, 2015 akataka tena. Hoja yake ilikuwa kwamba katiba inasema rais anachaguliwa kwa kura ya wananchi wote, muhula wa miaka mitano unaorudiwa mara moja, kwa hiyo ule wa bunge hauhesabiki. Mahakama ya Katiba ikamkubalia, na jaji aliyekuwa makamu wa rais wa mahakama hiyohiyo akakimbia nchi akisema majaji wameshinikizwa. Wakati Mkataba wa Arusha wa 2000, ule wa amani ya Burundi, ambao katiba yenyewe ilijengwa juu yake, ulisema waziwazi kwamba hakuna mtu atakayetumikia zaidi ya mihula miwili ya urais. Kutumikia, haijalishi kakuchagua nani. Sentensi hiyo haikuingia kwenye ibara ya 96 ya katiba ya 2005, na waliomwagika barabarani Bujumbura walikuwa wanaidai hiyohiyo.