Kusogeza mistari kwenye mashine ya kupandia: yanayosemwa na ukweli wake

"Nafasi ya mistari hupangwa kiwandani, haibadiliki." Maneno haya yamewafanya wakulima wengi wanunue mashine ya pili bila sababu. Inama nyuma ya mashine yako uangalie. Kila kipandio, yaani ile sehemu yenye kasha lake la mbegu na kisu chake cha kufungua mfereji, kwa kawaida kimebanwa kwenye boriti ya chuma kwa bolti zilizopinda kama herufi U. Legeza nati, nacho kitateleza kushoto au kulia. Mipaka ipo, lakini inaonekana kwa macho: boriti ikiwa fupi huwezi kutanua, na vipandio vikiwa vinene vitagusana kabla hujafika unakotaka. Angalia pia kama fimbo inayozungusha sahani za mbegu, yaani zile zenye matundu zinazodondosha mbegu moja moja, inavifikia vyote pale vilipohamia.

"Mahindi yanataka sentimita 75." Mahindi hayajawahi kusema hivyo. Kule Marekani, enzi za kulima kwa farasi, mistari ilikaa karibu mita 1 kwa sababu farasi alihitaji pa kupita akivuta jembe la palizi. Trekta na dawa za magugu vilipoenea, mistari ikakaribiana hadi sentimita 76 hivi. Upana ule wa zamani uliamuliwa na mnyama, si na mmea.

"Ukishasogeza vipandio, umemaliza." Hapa ndipo msimu unapoharibika, na ndipo ningependa usome polepole. Kwa mistari ya sentimita 75, hekta moja ina mita 13,333 za mstari. Ukiweka mbegu kila sentimita 25 unapata mbegu 53,333. Sasa sogeza mistari iwe sentimita 50: urefu wa mistari unapanda hadi mita 20,000. Gurudumu linalozungusha sahani halijui kwamba umebadilisha chochote. Litaendelea kudondosha mbegu 4 kila mita, na hekta itameza mbegu 80,000. Mimea itagombea maji na chakula, na bado utailaumu mbegu. Ukitaka idadi ileile, mbegu zikae sentimita 37.5 kwenye mstari, kwa kubadilisha gurudumu la meno la mnyororo au sahani yenyewe. Kisha hakikisha kwa mikono: endesha kidogo, fukua mita 10 za mstari mmoja, uhesabu. Utarajie mbegu 26 au 27.

Mbolea hufuata hesabu hiyohiyo. Usipogusa kipimo chake, hekta itapokea nusu nzima zaidi ya ulivyopanga.

"Nitaanza kupima kutoka kipandio cha pembeni." Usifanye hivyo. Tafuta katikati ya boriti, ipigie alama ya rangi, upime kutoka hapo kwenda pande zote mbili. Kwa vipandio vinne vya sentimita 75, viwili vya ndani hukaa sentimita 37.5 kutoka katikati, na vya nje sentimita 112.5. Kwa sentimita 50 ni 25 na 75. Usipopima kutoka katikati, mashine itavuta upande mmoja, na pengo kati ya mkupuo na mkupuo, yaani kati ya safari moja ya mashine shambani na inayofuata, halitalingana na mengine.

Ukiwa hapo chini na tepu, pima na matairi ya trekta. Yakiwa mita 1.5 katikati kwa katikati, kila tairi liko sentimita 75 kutoka katikati. Kwenye mistari ya sentimita 75 linapita sawasawa kati ya mstari na mstari. Kwenye mistari ya sentimita 50 linashindilia udongo palepale mbegu ya mstari wa nje itakapoangukia! Tanua matairi hadi mita 2, kama trekta yako inaruhusu. Mkono wa kuchora alama, ule unaokwaruza ardhi kuonyesha trekta ipite wapi mkupuo unaofuata, nao urudi kutoka mita 3 hadi mita 2, ukipima kutoka katikati ya mashine.

"Mistari ikikaribiana, mavuno yanaongezeka." Mara nyingine. Majani hufunika ardhi mapema, magugu hukosa mwanga, na soya huonyesha faida hii mara nyingi kuliko mahindi. Penye mvua haba mambo hugeuka: mistari mipana huacha akiba ya maji katikati, ambayo mizizi huifikia baadaye mmea unapotoa maua na kujaza punje. Kwa hiyo jiulize kwanza kuhusu maji, ndipo ushike spana.

Kwa mashine za kupandia nafaka ndogo njia ni kuziba matundu yanayotolea mbegu. Zenye mistari ya sentimita 15, ukiziba tundu moja na kuacha moja, zinatoa 30. Mbegu kwa hekta inakuwa nusu, kwa hiyo yale yaliyobaki wazi yafunguliwe zaidi ikiwa unataka kiasi kilekile.

Na kabla ya kukaza nati, nenda ukaangalie mashine ya palizi. Majembe yake yasipoweza kuhamia kwenye nafasi mpya, mistari uliyoipanga vizuri itang'olewa na chuma chako mwenyewe.