Masomo ya Mtandaoni Mkoani Kigoma: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na wakazi wengi wa Kigoma, wakiwamo walimu na wauguzi, wamezoea kusikia habari za kusoma bila kuacha kazi. Hata hivyo, mtu akitangaza pale Mwanga au Ujiji kwamba amejiunga na masomo ya mtandaoni, huambiwa mambo ambayo yanaweza kumwangusha mapema kuliko ugumu wa somo lenyewe.

Dhana: Masomo haya ni mepesi, kwa kuwa mtu husoma anapopata nafasi.

Nafasi hiyo haiji yenyewe. Watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichunguza kozi za wazi za vyuo vikuu vya Marekani, MIT na Harvard, zilizotolewa kupitia edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science: mwaka wa masomo 2017–18, takriban asilimia 3 tu ya waliojiandikisha walimaliza, ilhali miongoni mwa waliolipia cheti walimaliza asilimia 46. Ni kweli kwamba wengi hujiandikisha kwa kuonja tu, wala kozi hizo si sawa na shahada ya chuo, lakini pengo hilo ni kubwa mno kupuuzwa: aliyejifunga hufika mbali zaidi. Muuza dagaa wa Kibirizi, ambaye alfajiri yuko mwaloni na mchana yuko kwenye kuanika, atenge saa mbili zisizohama, tuseme kuanzia saa moja jioni, kisha awaambie watu wa nyumbani mapema. Aliyekaa na simu mkononi huonekana hana kazi, na ndiye atakayetumwa dukani.

Dhana: Bila kompyuta na intaneti ya kasi, hakuna kufaulu.

Kompyuta husaidia sana katika kuandika kazi ndefu, lakini sehemu kubwa ya masomo ni maandishi, na maandishi hayali bando kama video. Mwanafunzi apakue mihadhara mtandao unapokuwa mzuri, ashushe ubora wa video, na azime kamera wakati wa kipindi ili sauti ipite. Umeme ukikatika, simu yenye chaji na maandishi yaliyokwisha kupakuliwa vinatosha kuendelea.

Dhana: Ukirudia video mara nyingi, umeelewa.

Hii ndiyo dhana ninayoiona kuwa ya hatari kuliko zote, kwa sababu anayeishika ni mwanafunzi mwenye bidii. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma; baadhi walivisoma mara nne, wengine walivisoma mara moja kisha wakajipima mara tatu kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, lakini baada ya wiki moja walikumbuka takriban asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Kurudia humfanya mtu alizoee somo, naye hudhani mazoea hayo ni ujuzi, hadi siku ya mtihani. Basi video ikiisha, funga simu, chukua daftari, andika hoja zote unazokumbuka bila kuchungulia, ndipo ufungue tena uone ulichoacha. Fanya hivyo tena baada ya siku mbili au tatu.

Dhana: Saa ya simu haikosei.

Burundi na mashariki mwa Kongo ziko nyuma yetu kwa saa moja, na simu iliyo karibu na mpaka ikinasa mtandao wa upande wa pili inaweza kujirekebisha bila mwenyewe kujua. Kadhalika, kozi za nje zinazofungwa 23:59 kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, hufungwa kwetu saa nane na dakika 59 usiku. Weka saa ya simu kwa mkono, na utume kazi siku moja kabla.

Dhana: Mtandaoni hakuna wa kumuuliza.

Mhadhiri yupo, ila haoni uso uliokunjamana kama wa darasani. Ujumbe wa "sijaelewa mada ya tatu" haumpi pa kuanzia. Taja ukurasa, swali, na hatua uliyokwama, kisha ambatisha picha ya ulichojaribu daftarini.