"Akikua Ataacha": ADHD na Usahaulifu wa Watu Wazima

Wiki hii tena nimeambiwa kuhusu ADHD, hali ya ubongo inayomnyima mtu utulivu na umakini, safari hii na mwalimu: "Daktari, ADHD si ya watoto? Akikua ataacha." Nimechoka na kauli hii, maana kila ikisemwa kuna mtu mzima mahali anaitwa mzembe bure.

Kinachopungua kwa umri ni mbio. Mtoto aliyekuwa akiparamia madirisha, akifika miaka 30 anamaliza kikao amekaa, mguu tu unatikisika chini ya meza. Umakini ndio mara nyingi hautulii. Ndiyo maana DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la mwaka 2013, inataka dalili 5 kwa mwenye miaka 17 na zaidi, si 6 kama kwa mtoto, mradi kadhaa zilionekana kabla ya miaka 12.

Kwenye kumbukumbu ndiko watu wanakonikera. Wanadhani mwenye ADHD anapoteza alichokihifadhi. Mara nyingi hakukihifadhi. Unamtuma chumvi, anaitikia, kumbe akili iko kwenye redio ya jirani. Chumvi haikuingia kabisa. Huyohuyo atakusimulia mechi ya Simba na Yanga ya miaka 20 iliyopita, goli kwa goli. Kinachomshinda ni kushika mambo mawili matatu kwa pamoja, na kukumbuka la kufanya saa yake ikifika. Utotoni mama alimkumbusha. Sasa ana kazi, ada za watoto na wazazi wagonjwa, na wa kumkumbusha hayupo.

Mama mmoja wa miaka hamsini na kitu aliletwa na binti yake, wakihofia dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu unaowapata zaidi wazee. Funguo kwenye friji, maharage yameungua mara mbili ndani ya wiki. Nikamuuliza, "Mama, haya yalianza lini?"

"Mwanangu, darasa la tatu nilichapwa mwaka mzima kwa kusahau daftari."

Jibu hilo lilinifaa kuliko dodoso zima. Mwenye dimenshia alikuwa anaweza, sasa hawezi. Mwenye ADHD ameishi hivyo tangu mdogo. Tena hedhi yake ilikoma karibuni. Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka, dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia umakini, nayo huyumba, na wanawake wengi wenye ADHD husema hapo ndipo mambo yalipowazidi.

Hata hivyo sikumwambia aende kwa amani. Utafiti wa Israel wa mwaka 2023, wa watu zaidi ya 100,000, uliona waliogundulika na ADHD ukubwani wakipata dimenshia karibu mara tatu ya wengine. Haukuthibitisha kwamba moja linaleta jingine, ila umeniondolea ule uhakika wa "ni moja au nyingine". Na watoto waliofuatiliwa Marekani na Kanada hadi ukubwani, wengi wao dalili zilipanda na kushuka. Waliopona moja kwa moja ni kama 1 kati ya 10. Kwa hiyo nikimpima mtu siku moja, huenda nimemkuta kwenye mwaka wake mzuri, au mbaya.

Mama nimempa tarehe, arudi baada ya miezi 6 tumpime upya. Aliiandika kiganjani. Binti akaiweka kwenye simu, kengele mbili.